Petroli Chini ya Kiti cha Baba Mkwe

Jamani, kwanza naomba mcheke sasa hivi, mmalize kabisa, halafu mnisikilize, maana najua wengi wenu ile video mmeshaiona na mmeshawatumia ndugu zenu wa Mbeya na Dar es Salaam, na mimi nikipita sokoni Tukuyu mpaka leo kuna mama mmoja muuza ndizi ambaye hanisalimii kama watu wanavyosalimiana, yeye ananipigia kelele tu kutoka mbali, "Umekalia petroliii!" na wenzake wote wanaangua kicheko. Sawa. Aibu ninayo, siikatai. Lakini video ile inaanza katikati, inawaonyesha tu mwanamke mzima, mama wa watoto, mke wa mtu, akiruka majini na baba mkwe wake, tena wamezongwa na kitenge kimoja, na haiwaonyeshi tulifikaje pale. Tulifika kwa uamuzi mmoja mdogo nilioufanya asubuhi, mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na nitausema wote bila kumsingizia mtu.

Mimi na mume wangu, Ambakisye, tuna mashua pale ziwa Kisiba, Masoko. Najua mtasema Wanyakyusa wa milimani na mashua wapi na wapi, na ndivyo walivyosema watu siku tuliyoipandisha na lori kutoka kwa fundi kule Matema, watu wakasimama barabarani wanaangalia mlingoti ukipita juu ya migomba, mzee mmoja akatuuliza kama tunatarajia gharika. Mwacheni acheke. Ambakisye alifanya kazi Kyela miaka mingi akajifunza kuendesha vyombo vya tanga, akanifundisha na mimi, na tukaona wageni wanaokuja kuliangalia ziwa letu wanasimama ukingoni tu, wanapiga picha, wanaondoka. Tukauza kipande chetu cha chai tukanunua mashua. Kwa hiyo muelewe vizuri: hatukuwa na chai tena, tulikuwa na mashua.

Sasa ziwa Kisiba limekaa ndani ya shimo la volkano, kingo zake ni mwinuko mtupu, na pazuri pa kuteremka na kuegesha ni mahali pamoja tu, napo ni chini ya shamba la baba mkwe wangu. Asipokubali yeye, mashua inakuwa pambo la uwanjani.

Na hapa lazima niwaeleze wasiotujua. Kwa mila yetu, mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Humtazami, humsemeshi, jina lake hulitaji. Ukisikia kikohozi chake njiani unaingia migombani unampa mgongo mpaka apite, na yeye vilevile akijua uko jikoni hasogei jikoni. Siku hizi watu wa mjini wameacha, utawakuta wanakula meza moja na wakwe zao wanataniana, lakini baba mkwe wangu (sisi tunamwita Tata, na jina lake msiniulize, silitaji hata hapa) ni mzee wa kanisa na ni mzee wa mila, vyote kwa mkupuo, na tangu niolewe nilikuwa sijawahi kuuona uso wake sawasawa. Nilimjua kwa koti lake la kijivu, kwa kikohozi, na kwa harufu ya kiko chake. Akitaka kuniambia neno anamwambia shangazi, dada yake, mimi nikiwa palepale nje ya ukuta nasikia kila kitu: "Mwambie mkamwana wangu mboga ilizidi chumvi." Nami nasubiri mpaka shangazi anigeukie aniambie, "Anasema mboga ilizidi chumvi," ndipo namjibu shangazi. Ni heshima, msicheke, tena ina raha yake kuwa na mkwe asiyeweza kukugombeza moja kwa moja.

Mashua yenyewe Tata aliikubali. Shida ilikuja tulipoongeza mashine. Upepo wa Kisiba hauna adabu, unaingia juu ya kingo unazunguka humo ndani kama mtu aliyepoteza ufunguo, mara tanga limejaa, mara limelegea, na mgeni hawezi kukaa katikati ya ziwa kusubiri upepo ukumbuke kazi yake. Tukafunga mashine ndogo nyuma, ya kutumia petroli. Na Tata petroli anaichukia tangu aone kibanda cha jirani yake kikiteketea, jirani alikuwa anauza petroli ya pikipiki kwenye chupa za maji, mtu mmoja akaja na sigara, na huyo jirani hakutoka. Kwa hiyo siwezi kusema mzee alikuwa na ukorofi. Alituma neno kupitia kwa shangazi: "Mashua nimeikubali. Petroli sijaikubali. Jumamosi nitakuja nipande mwenyewe nione. Siku nitakayoinusa petroli shambani kwangu, chombo hicho mtakirudisha kilikotoka."

Hapo nilipaswa kutulia nifikiri. Mjue mimi kanuni za mafuta nazijua, nilikwenda mpaka Kyela kwenye mafunzo ya wenye vyombo, nikakaa mstari wa mbele. Petroli unaiweka kwenye chombo chake maalumu, kile chekundu chenye mfuniko wa kukaza, hukijazi mpaka mdomoni kwa sababu petroli ikipata joto inavimba, unakisimamisha wima na kukifunga kamba kisianguke, unakiweka nyuma mahali pa wazi penye hewa na kivuli, hukifungii ndani ya sanduku kamwe, maana mvuke wa petroli ni mzito, haupandi kama moshi, unashuka unajikusanya chini na kusubiri cheche. Haya yote nilikuwa nayo kichwani, ningeweza kuyafundisha mimi.

Lakini Jumamosi asubuhi, Ambakisye alikuwa ameondoka alfajiri na pikipiki kwenda Kiwira kufuata plagi ya akiba ya mashine, nami niko peke yangu ukingoni, ukungu umetanda, naangalia lile dumu jekundu limekaa nyuma ya mashua linang'aa kama kidonda, na nikajiambia, Tata akilitia tu machoni basi, atageuka na kurudi nyumbani kabla hajakaa. Nikaamua kulificha. Hiyo ndiyo dhambi yangu, hakuna nyingine, zilizobaki zote ni watoto wake.

Pa kuficha palikuwa mahali pamoja tu, sanduku lililo chini ya kiti cha mbele, tunamoweka kamba na nguo za mvua. Dumu jekundu halikuingia. Nikasema hainishindi hii. Nikapanda nyumbani nikachukua dumu la njano la mafuta ya kupikia, nikamimina petroli humo, na kwa kuwa kwetu kupeleka kitu kikiwa nusu chombo ni uchoyo, mkono wangu wenyewe ukajaza mpaka mdomoni kama napeleka maziwa msibani. Mfuniko wake ulikuwa umelegea, nikaukaza kwa kipande cha nailoni (mnajua, kile tunachowekea madumu yote ya dunia hii). Dumu likagoma kusimama, sanduku ni fupi. Nikalilaza. Nikafunika na nguo za mvua, halafu nikaona harufu bado ipo kwa mbali, nikakata mchaichai mafungu mazima uani kwangu, nikauponda kidogo utoe harufu, nikaujaza humo, nikafunga sanduku na kulikazia kitasa. Hiyo mashine nayo ina tangi lake dogo. Kuliongeza ningemwaga tone na kunukisha, basi nikaitikisa tu, nikasikia kitu kinacheza ndani, nikasema itatutosha. Niliivunja kanuni moja baada ya nyingine kana kwamba ninazifuata kwa mpangilio, na nilipomaliza nikafuta mikono nikajisifu.

Jua likatoka, ukungu ukapanda. Ambakisye akapiga simu: pikipiki imepata pancha, yuko kwenye foleni ya fundi, tumsubirishe mzee. Kabla sijakata simu nikasikia kikohozi juu kwenye migomba, na sauti ya shangazi nyuma yake. Nikajifunika khanga nikageukia ziwa.

Nikamwambia shangazi amweleze kuwa Ambakisye bado hajafika. Nikasikia jibu la Tata, "Mwambie mkamwana wangu mimi siyo viazi vya kusubiri lori. Nani mwingine anajua kuendesha chombo hiki?"

Shangazi akanigeukia. "Anasema yeye siyo viazi. Nani mwingine anajua?"

Hapo sasa, jamani. Kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua, na huyo ndiye mtu asiyeruhusiwa kukaa naye hata chumba kimoja, sembuse mashua. Ningeweza kusema twende wiki ijayo. Lakini mimi nikishaweka nia huwa kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, siwezi kugeuka ghafla, na nilijua wiki ijayo mzee atakuwa ameshapewa maneno na watu. Nikamwambia shangazi, "Mwambie ninajua mimi."

Shangazi wetu huyu ana akili ya haraka kuliko sote. Akavua kitenge chake cha juu akakifunga kwa kamba kutoka mlingotini mpaka ubavuni, kikawa pazia. Tata akae mbele anaangalia mbele. Yeye shangazi akae katikati. Mimi nikae nyuma na mashine, na khanga yangu kichwani, nione kushoto na kulia, ila mbele nisione. "Heshima imekaa," akasema. Tukavaa majaketi ya kuokolea, Tata akavaa la kwake juu ya koti la kijivu (hilo nalijua kwa kuwa shangazi alinong'ona, "Kapendeza kama boga"), na nikasikia anakaa kwenye kiti cha mbele, mbao zikalia. Juu ya sanduku.

Wakati huohuo ukingoni wakateremka watu wenye sare za zambarau. Kwaya. Walikuja kurekodi video ya wimbo, na mtu wa kamera kabisa, na spika. Nikasema na iwe heri, watamwona Tata akipanda mashua yetu, ni tangazo hilo.

Tulitoka vizuri, sitadanganya. Upepo ukaja, tanga likajaa, maji yakawa yanaimba pembeni, na mimi nyuma ya pazia nikajisikia mwanamke wa maana. Nikamsikia Tata akimwambia dada yake, "Chombo kinanukia chai. Vizuri fijo, vizuri sana."

"Anasema chombo kinanukia chai," shangazi akanifikishia.

"Mwambie asante, nimeweka mchaichai." Nilifurahi, mnajua? Nilifurahi mpaka nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Katikati ya ziwa upepo ukakata. Tanga likaning'inia kama nguo ya kuanikwa. Nikawasha mashine, ikawaka, tukaenda kidogo, ikakohoa, ikazima. Nikavuta kamba tena, na tena, na tena. Tangi lilikuwa kavu. Petroli ninayo, dumu zima, limejaa mpaka mdomoni, na baba mkwe wangu amelikalia.

"Kuna nini?" Tata akauliza.

"Anauliza kuna nini," akasema shangazi, ambaye kwa kutulia kwa mashua alikuwa ameanza kuyumba na kupauka rangi.

Sasa semeni ninyi, ningejibu nini? Mwambie ainuke kidogo, nachukua petroli aliyosema hataki kuinusa? Nikasema, "Mwambie mashine inapumzika." Nikachukua kasia. Nikapiga kasia mimi, peke yangu, mashua ya watu watatu, khanga inaniteleza, jaketi linanibana makwapa, jua limepanda na linachoma mbao za mbele kama jiko, huku kwaya ukingoni inaimba juu ya safari ya Wana wa Israeli, na mimi nasema moyoni tutafika, hata kama ni kwa meno tutafika, mzee atashuka mkavu na atasema ndiyo. Nilipiga kasia mpaka malengelenge yakanitoka. Na tulikuwa tunafika! Niliona nyuso za kwaya pembeni mwa pazia. Niliona viatu vyao.

Ndipo mguu wangu ukapata baridi. Nikatazama chini. Kijito chembamba kilikuwa kinatoka mbele, kinapita chini ya pazia, chini ya miguu ya shangazi, kinakuja nyuma kwangu, na kilikuwa na zile rangi za upinde wa mvua. Mchaichai ulishakata tamaa. Ilikuwa petroli tupu, imevimba kwa jua, imeilainisha nailoni, imetoka, na nilijua bila kufundishwa tena kwamba ndani ya sanduku lile hapakuwa na hewa tena, palikuwa na mvuke tu, na kifuniko chake ni baba mkwe wangu.

Nikaachia kasia. Na katika kimya kile, maana kwaya ilikuwa inavuta pumzi kati ya beti, nikasikia nyuma ya pazia sauti ndogo ninayoijua vizuri, njiti zikichezacheza ndani ya kiberiti. Tata alikuwa amejaza kiko. Pua yake ilikuwa imejaa mchaichai na tumbaku ya kiko, hakunusa kingine, na aliona safari inaisha salama, akaamua kujipongeza.

"Shangazi," nikasema, "mwambie Tata asiwashe."

Shangazi alikuwa ameinama nje ya mashua. "Subiri mwanangu, natapika."

"Mwambie sasa hivi!"

"Kyala wangu," akasema shangazi kwa maji ya ziwa, akimwita Mungu, wala hakuinuka.

Mnajua nilifanya nini kwanza? Nilikohoa. Naapa. Mtu anakaribia kufa na mimi nakohoa kwa adabu, eti atajua. Baada ya miaka yote ile ya kumpa mgongo, neno la kumwambia yeye halikuwa na njia ya kutokea. Halafu nikasikia njiti ikikwaruzwa.

Nikapiga kelele. Nikalitaja jina lake, jina kamili, la ubatizo na la ukoo, na nikamalizia, "USIWASHE! UMEKALIA PETROLI!" Na Kisiba, kwa kuwa kingo zake ni ukuta pande zote, likalichukua neno langu likalizungusha likalirudisha, umekalia petroli, petroli, petroli, kila upande, na kwaya ikanyamaza, na mtu wa kamera, Mungu amsamehe, akageuza kamera.

Sikusubiri. Nilimruka shangazi mgongoni, nikapita na pazia lake, sikuona kitu ila maua ya kitenge, nikamkumbatia baba mkwe wangu kwa nyuma, kiko na kiberiti na yote, nikajirusha naye nje upande mmoja. Njiti ilizimikia majini. Hilo ndilo la maana, na hilo halionekani kwenye video. Kinachoonekana ni mguu wangu, kiatu kikiruka, halafu kifurushi kimoja cha kitenge kinachotoa majaketi mawili na kelele mbili.

Majaketi yalifanya kazi yake, tukaibuka. Pale majini, kitenge kikiwa kimetufunga kama mahindi mawili kwenye ganda moja, nikauona uso wa Tata kwa mara ya kwanza. Ana macho ya Ambakisye, kumbe. Yalikuwa yamenitumbulia, karibu kabisa, pua kwa pua. Mimi nilitaka kugeuza uso kwa heshima, lakini kitenge hakikuniruhusu, basi nikafumba macho, nikamshika ukosi wa jaketi, nikaanza kuogelea kinyumenyume nikimvuta, na kwaya walipoona tumefika wakaingia majini na sare zao kutupokea. Wengine wakaivuta mashua kwa kamba, shangazi ndani yake amekaa wima anaimba tenzi. Nikawapigia kelele wazime spika, wasisogee na simu zao, wafungue sanduku waliache wazi lipigwe upepo. Hapo nilikuwa tena yule mwanafunzi wa mstari wa mbele, nimelowa chapachapa, kiatu kimoja.

Tata alisimama, akakohoa maji, akanipa mgongo, akapanda mlima kwenda kwake na jaketi lake la rangi ya boga likichuruzika. Hakutuma neno. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema hivyo misibani kila siku, na mimi nilikuwa nusura nimuumbue mtu mwingine.

Ambakisye alirudi jioni na plagi mkononi na ile video ameshaitazama huko Kiwira. Alikaa kitandani akacheka mpaka akalia, halafu akalia kweli, maana ni baba yake. Akasema, "Tuiuze tu, mke wangu. Hatakubali tena." Nami nililia, siwafichi, nililia kwa hasira za kwangu mwenyewe. Lakini kesho yake nilipoamka nilikuwa sitaki kuiuza. Nilikuwa nimeshaaibika mbele ya Rungwe nzima, hakukuwa na aibu nyingine ya kuogopa, na mtu wa hivyo anafanya kazi vizuri.

Nikamtuma shangazi aseme yote kwa Tata, dumu la njano, nailoni, mchaichai, tangi kavu, asipunguze kitu. Nikapeleka na kuku wa kuomba radhi kwa jina nililolitaja. Dumu la njano nikalitoboa mbele ya watu lisitumike tena. Lile sanduku nikaling'oa mlango, likabaki wazi, kamba tu zinakaa humo. Nyuma ya mashua fundi akanitengenezea rafu ya mbao zenye nafasi katikati, hewa inapita juu na chini, kikafungwa humo kile chombo chekundu wima kwa mikanda. Ukingoni, mbali na migomba ya Tata, tukajenga kibanda cha tofali chenye matundu chini na juu, ndoo ya mchanga mlangoni, na tukaweka desturi kwamba tangi linajazwa nchi kavu, mashine ikiwa imepoa, abiria wakiwa bado wamesimama mbali. Abiria hatukuwa nao. Niliendelea kujenga hivyohivyo, watu wakipita wanauliza "Umekalia nini leo?" nami nawajibu nimekalia kazi.

Siku moja nikiwa naifunga ile mikanda, sikusikia kikohozi. Nilisikia hatua tu, nikageuka, na Tata alikuwa amesimama pale ukingoni ananitazama. Hakuna shangazi. Hakuna pazia. Nikashika khanga nijifunike, nikasikia anasema, kwa sauti ya kawaida, kwangu mimi, "Mafuta umeyaweka wapi?"

Nilitazama nyuma kama kuna mtu mwingine. Hakuwepo. "Yako hapa nyuma, Tata," nikasema. "Kwenye chombo chake. Sijakijaza mpaka mdomoni."

Akasogea, akainama juu ya rafu, akavuta pua. "Yananuka."

"Ndiyo, Tata. Yananuka."

Halafu akavua kofia, akatoa kiko mfukoni na kiberiti chake, akaviweka juu ya jiwe nchi kavu, akavifunika na kofia. "Nipe jaketi," akasema. "Siku ile hatukumaliza kuzunguka."

Tulizunguka ziwa lote, tukanyamaza njia nzima, maana kila mmoja wetu hakujua watu wanaozungumza huanzia wapi. Alipokuwa anashuka akasema kwa mgongo, "Egesheni hapahapa."

Basi mimi nimeapa, na mashahidi ni ninyi: petroli kwenye chombo changu haifichwi tena, itakaa nyuma, wazi, na harufu yake yote, na asiyeitaka harufu hiyo atabaki nchi kavu, awe mgeni wa mbali, awe mchungaji, awe mkwe wangu mwenyewe.